Pomboo mwenye vinundu pezini, ni fangasi?

SWALI: Shikamoo dokta. Nabeba watalii kwa boti Kunduchi kwenda Mbudya, juzi pomboo walitupita karibu kabisa, mmoja pezi la mgongoni limejaa vinundu vya kijivu cheupe vimebanana na vingine vimechanika. Mwenzangu anasema fangasi, mimi nasema kakatwa na panga la injini. Picha nimekutumia. Inatosha kujua? Na binadamu anaambukizwa?
Nahodha, Kunduchi

JIBU: Marahaba nahodha, na asante sana kwa picha, imetoka safi. Panga la injini naliondoa mapema, lenyewe linaacha mikato mirefu iliyopangana, ikipona inabaki kovu, haivimbi vikawa vinundu. Ndui ya pomboo nayo inakuwa bapa, doa lenye vinukta vyeusi, ukipitisha mkono husikii kitu. Hivi vyako vimeinuka na vimechanika, kwahiyo mwenzako ana hoja, kuna ugonjwa wa fangasi wa ngozi unaitwa lobomaikosisi, jina limetokana na Jorge Lobo, daktari wa Brazili aliyeueleza kwa wagonjwa binadamu miaka ya 1930, kwa pomboo ukaripotiwa mara ya kwanza mwaka 1971 kule Florida, Marekani.

Ila kwa picha tu siwezi kukuandikia kuwa ndio huo, na naomba na wewe usiwatangazie abiria hivyo. Hata kwa jirani zetu wa kisiwa cha Mayotte, watafiti walipiga picha pomboo wenye vinundu kama hivi wakaishia kuandika ugonjwa "unaofanana na" lobomaikosisi, maana bila kipande kidogo cha nyama ya kinundu cha kupima huna uhakika. Sasa utasema basi tuoteshe maabara kama fangasi wengine, hapo ndipo watu wengi wanapokwama kwasababu fangasi huyu haoti kwenye sahani ya maabara kabisa, ukisubiri aote utapewa jibu hamna kitu na mnyama anaumwa. Kinachofanyika ni kukata kipande kidogo cha nyama pale kinundu kinapokutana na ngozi nzima, kinawekwa kwenye fomalini, dawa ya kuzuia kisioze, kinakatwa vipande vyembamba sana, kinapakwa rangi ya madini ya fedha halafu hadubini. Akiwa ndio yeye unaona viduara vyeusi vinalingana ukubwa, vimeungana kwa vishingo vyembamba kama shanga kwenye uzi. Ukishaona hivyo huna ubishi tena. Kipande kingine kinagandishwa kwenye barafu kwa ajili ya kupima vinasaba, na vipimo hivyo ndivyo vilivyoonyesha fangasi wa pomboo na yule wa binadamu ni ndugu tu, sio mmoja.

Kuhusu kuambukizwa, kuna mhudumu wa pomboo Ulaya aliripotiwa kupata, ni nadra mno, ila usimguse, hasa kama una kidonda mkononi.

Usimfukuze wala kumzunguka na boti. Ukimwona tena piga picha upande uleule wa pezi, andika tarehe na mahali, huu ugonjwa unatambaa polepole kwa miezi hata miaka kwahiyo picha mbili za tarehe tofauti zitanisaidia kuliko kumi za siku moja. Na ukimkuta amekufa ufukweni usikate chochote mwenyewe, wapigie Hifadhi za Bahari au ofisa uvuvi saa hiyohiyo, kwa jua la Dar ngozi inaharibika haraka na ikishaharibika hadubini haitatuambia kitu.