Lebo 860 chini ya kitanda

Juzi usiku, saa nne na kitu, nimeketi sakafuni nafunga vifuniko vya makopo 400 ya mabuyu ya harusi, simu ikalia. Ujumbe wa msomaji:

"Asalaam aleikum dada. Mimi nina kiduka cha udi na marashi Mwembe Tayari. Kila siku naweka picha, wafuasi wamefika elfu sita, laiki napata, lakini mauzo hakuna. Naambiwa nisimulie hadithi ya biashara yangu. Hadithi gani sasa? Mimi nauza udi tu."

Nikamjibu nitamwandikia nikimaliza makopo. Nilimaliza saa nane. (Ndiyo, 400, harusi moja. Niacheni niringe kidogo. Mwaka 2016 nilikuwa nauza vipakiti vya shilingi 5 kwenye lango la shule, na bawabu akinifukuza kila siku kabla ya kengele ya saa nne.)

Dadangu wa Mwembe Tayari, na nyinyi wengine mnaoniuliza swali hilihili kila wiki: hata mimi niliambiwa nisimulie hadithi. Nikasimulia. Ikaniaibisha mbele ya wanawake wasiopungua arubaini.

Kupika mabuyu si jambo la kusimulia sana. Wachemsha sukari na maji na rangi, watia iliki, pilipili na chumvi kidogo. Shira ikishavuta uzi kati ya vidole, wamimina mabuyu na kukoroga upesi kabla haijaganda, kisha wayamwaga kwenye sinia yakauke. Hapa Mji wa Kale, Mombasa, kila nyumba ya tatu ina mtu ajuaye. Hilo ndilo lililokuwa tatizo langu. Mabuyu yangu na ya jirani yangu, ukifumba macho, huyatofautishi. Hata vijifuko vya plastiki vilikuwa ni vilevile, na fundo lilelile.

Agosti 2017 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku. Wenzangu wengine wakarudi kwenye magazeti, sukari ikawa inanata kwenye picha za wanasiasa. Mimi nikanunua makopo. Sasa kopo si kama kijifuko. Kopo lina ubavu, na ubavu ukiwa mtupu unakutazama. Lataka lebo. Lebo yataka viambato, uzito na tarehe, hayo hayakunisumbua. Ila yataka na maneno mengine pia, ya kumfanya mtu alichukue hilo aliache la jirani.

Nikampata kijana mmoja mwenye kompyuta na ulimi mtamu. Akaniuliza, "Mama, hadithi yako ni ipi?" Nikamwambia sina. Akasema, usijali, tutakutengenezea. Akanitoza 15,000, pesa niliyoiweka ya karo.

Lebo ikatoka nzuri, siwezi kusema uongo. Jahazi limetweka tanga, nyuma yake ukuta wa Fort Jesus, mbele ajuza amejifunika buibui, ameshika mwiko. Chini maandishi ya dhahabu: *Siri ya jikoni mwa kasri, tangu 1890.* Yule ajuza ati ndiye nyanyangu. Nikachapisha lebo 1,000. Nilipoziona nilijisikia kama mtu mwingine, mtu wa ukoo mkubwa, na nikiwa mkweli hilo ndilo nililokuwa nikililipia.

Makopo ya kwanza yakatoka upesi. Wageni waliyapenda, wale washukao kwenye basi kutazama ngome. Kisha nikapata oda ya siku ya hina, Bondeni. Nikapeleka makopo mwenyewe, nimevaa, nimejifukiza, nikaketi nionwe.

Palikuwa na bibi mmoja mzee, simtaji. Akachukua kopo. Akatoa miwani kwenye mkoba, akaifuta na upindo wa leso, akaivaa. Akasoma lebo polepole, midomo ikicheza. Kisha akasoma tena kwa sauti, chumba kizima kikasikia, "Jikoni… mwa… kasri." Akanitazama juu ya miwani.

"Kasri gani, mwanangu? Nyanyako si alikuwa akiuza makaa Majengo? Hata sukari alikuwa akikopa kwetu. Ubuyu hakupika hata siku moja, Mungu amrehemu, alikuwa hana hata sufuria ya pili."

Walicheka mpaka wapaka hina wakasimamisha mikono. Na hakusema kwa ubaya. Alimpenda nyanyangu. Alikuwa anamtetea, kwa maana pale kwenye lebo nilikuwa nimemwondoa nyanyangu na kumweka mwanamke mwingine mahali pake.

Nikarudi nyumbani kwa tuktuk na makopo yaliyobaki mapajani. Lebo 860 zikaingia chini ya kitanda, na mpaka leo wanangu huchora nyuma yake. Watoto wa mtaa wakanipa jina, Mama Kasri. Yuko mtu mzima mmoja aniitaye hivyo hadi sasa tukikutana Marikiti kwenye viungo. Huwa sicheki.

Basi hapo ndipo nilipojifunza kitu kimoja, na ukiniuliza mara kumi nitakwambia hichohicho: hadithi ya biashara yako ipeleke kwanza kwa anayekujua. Mtalii atakuamini, na mtu wa Nairobi atakuamini. Isome mbele ya jirani aliyemjua nyanyako. Akikaa kimya, ichapishe.

Nilikaa na lebo nyeupe miezi mingi, jina na uzito tu. Kilichonifungua macho ni kanga. Nilikwenda Mtaa wa Biashara kumnunulia mama mkwe doti, nikasimama nyuma ya wanawake wawili wanaochagua. Sijui kwa nini sikuwahi kuliona jambo hili maisha yangu yote. Muuzaji anakunjua, na kabla hawajatazama maua wala rangi, macho yanakwenda pale chini, kwenye jina. Mmoja akasoma "Hasidi hana sababu," akamgusa mwenzake kwa kiwiko, wakacheka cheko la siri, akanunua papo hapo. Rangi hakuijadili.

Hebu fikirini. Hapa Mombasa kuna duka la kanga lililoanza 1887, la Kaderdina Hajee Essak, na kanga zake zina alama inayojulikana pwani nzima, *Mali ya Abdulla*. Kitambaa ni pamba kama pamba nyingine. Pindo pembeni, mji katikati, jina chini. Lakini lile jina ni maneno matatu au manne, hayasemi nani hasidi, hayasemi alifanya nini. Mnunuzi ndiye anayejua. Anaivaa, anapita mbele ya mlango wa mtu, hadithi inakamilika. Mfanyabiashara amesema nusu, nusu nyingine ni ya mteja.

Lebo yangu ya kasri ilisema yote. Hapakuwa na mahali pa mteja kuketi.

Sasa nije kwenye hadithi ya kweli, ambayo nilikuwa nayo muda wote nikiificha kwa sababu iliniuma. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba, mpakani na Uganda. Reli ya SGR ilianza na abiria 2017, mwaka uliofuata ikabeba na makontena. Wenye malori wa hapa hamhitaji kuelezwa. Safari nne kwa mwezi zikawa mbili, mbili zikawa moja, kisha akawa anaondoka asubuhi na kurudi adhuhuri akisema tajiri amemwambia angoje. Alingoja sana. Siku moja nilikuwa napika, nina homa, akaninyang'anya mchi akaanza kutwanga iliki. Hakusema kitu. Kesho yake akatwanga tena.

Mabuyu yakabadilika. Mikono yangu hutwanga iliki ikawa unga. Yeye huiacha ina chembe, ukitafuna inakupasukia ulimini. Wateja wakaanza kuuliza, umetia nini? Nami nikajibu "siri yangu tu," kwa kuwa mwanamume wa Mombasa kuketi na kinu si jambo la kutangazwa.

Nilimwomba ruhusa ya kuyaandika haya. Hili naomba mlishike, maana naona watu mitandaoni wanamwaga habari za mama zao wagonjwa na watoto wao ili wauze sabuni. Hadithi yako ina watu ndani yake, na hao watu watakutana na wateja wako msikitini na kwenye feri ya Likoni. Waulize. Mume wangu hakunijibu siku tatu. Siku ya nne, baada ya chai, akasema: "Andika. Lakini useme natwanga vizuri."

Nikaandika kwenye stetasi ya WhatsApp, bila picha ya jahazi:

"Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Mzigo umepungua. Sasa anatwanga iliki, kwenye kinu cha mamake. Mabuyu ya leo yana iliki nyingi kwa sababu leo alikuwa na hasira."

Basi. Niliweka nikaenda kulala. Alfajiri nilikuta jumbe hata sikuweza kuzihesabu. Nusu yao hawakutaja mabuyu kabisa. Mke wa dereva wa Changamwe akaniandikia, "Wangu anauza maji." Mwingine wa Mariakani, "Wangu bado amelala, mpe wako salamu." Walioagiza kwanza walikuwa wake wa madereva. Wakaagiza wanawapelekea waume zao! Mimi nilidhani nauza ubuyu kwa watoto wa shule na watalii, kumbe watu wangu walikuwa barabara nzima mpaka Malaba.

Ndiyo maana nasema msitangulize idadi ya wafuasi. Mtambaji wa ngano zetu haanzi mpaka aseme "Paukwa" na ajibiwe "Pakawa." Asipojibiwa, ananyamaza, au anasema tena. Nyinyi mnasema paukwa kila siku mnaondoka kabla watu hawajafungua midomo. Yule wa Mariakani nilimjibu. Nilizungumza naye nusu saa, na sikumtajia bei. Mpaka leo ni mteja, na ameniletea dada zake wanne.

Walakini hadithi haifuti ubuyu wenye ukungu. Niliwahi kufunga makopo kabla hayajakauka, mwezi wa Mei, mvua imepiga wiki nzima, yakaota. Hapo hakuna ngano. Nilirudisha pesa.

Na mtaibiwa, mjue. Mwaka juzi biashara moja kubwa kuliko yangu, yenye duka la vioo, ilitoa ubuyu wake na maneno yangu karibu yote: mume, kinu, hasira. Nililia, kwa kweli. Nikaenda kwa wakili. Akanishauri nisajili jina na alama yangu kwa KIPI, taasisi ya serikali ya Kenya inayosajili alama za biashara, usajili ni wa miaka 10 na unahuishwa. Nimesajili, na nyinyi sajilini, msingoje kuliwa kama mimi. Lakini kilichowanyamazisha wale si wakili. Ni wateja walioingia kwenye ukurasa wao kuuliza, "Huyo mume yuko wapi? Tuonyesheni kinu." Wakakosa la kuonyesha, wakaiondoa ile posti yao baada ya siku mbili. Nina picha zake, nimezihifadhi, na nitazihifadhi.

Sasa wewe wa udi. Wasema unauza udi tu. Nani alikufunza kuupika? Ulichoma sufuria ngapi kabla sukari haijakukubali? Huna alama ya moto kwenye mkono? Mtu wa kwanza kununua kwako alikuwa anakwenda kumfukizia nani? Usinijibu mimi. Andika moja tu ya hizo, mistari mitatu, kwa maneno yaleyale ungemwambia shogayo barazani. Usitie kasri wala sultani. Na usilie sana, maana watu wakikuonea huruma watanunua mara moja tu, kisha watakukwepa kama mwenye deni. Kisha mpelekee mamako asome.

Nami hiyo sheria naifuata. Makala hii nimempa mume wangu aisome kabla sijaiweka. Ameisoma kwa miwani, polepole, kama yule bibi wa Bondeni, moyo ukanidunda. Akasema yote sawa, isipokuwa kinu. Kinu si cha mamake. Ni cha jirani yao wa Kisauni, mamake alikiazima kabla yeye hajaenda shule na hakukirudisha.

"Na uliyajua haya miaka yote?" nikamuuliza.

"Hukuniuliza kinu," akasema. "Uliniuliza iliki."

Nina makopo 400 sebuleni, kila moja lina lebo isemayo *iliki imetwangwa na mume wangu, kwenye kinu cha mamake.* Harusi ni Jumamosi, na mwenye kinu, nimeambiwa, yu hai, na atakuwapo. Nimetoa kalamu ya wino mweusi. Nimefika kopo la 31.