Mnanaa, nyanya na vanila: majibu ya barua zenu

Toleo lililopita niliandika kuhusu mimea ya viungo inayobadilishwa jeni ili itoe harufu na ladha zaidi. Haya ni baadhi ya maswali mliyoniletea.

Shikamoo mwalimu. Kwa nini wahangaike na jeni, wasichavushe tu kama mahindi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba. Mnanaa wa peremende ni chotara tasa. Hauzai mbegu, hupandwa kwa vipandikizi, kwa hiyo mlango wa kuchavusha umefungwa. Huko Marekani, Soheil Mahmoud na Rodney Croteau wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington walitumia jeni za mnanaa wenyewe, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Jeni moja, inayoandaa malighafi ya mafuta, waliiongezea nguvu. Nyingine, inayotengeneza mentofurani, kitu kinachoharibu harufu, waliinyamazisha. Mafuta yaliongezeka, kwa baadhi ya mimea hadi nusu zaidi, na mentofurani ikapungua sana. Mimi naihesabu kuwa kazi safi kuliko nyingi nilizosoma.

Jeni ya harufu ikihamishiwa zao jingine, zao hilo halipotezi kitu?

Linapoteza, na hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Mwaka 2007 watafiti wa Israel walichapisha habari za jeni ya mrehani wenye harufu ya limau waliyoitia kwenye nyanya. Nyanya ilipoiva ikanukia kama waridi na mchaichai, na wengi wa walioionja waliipenda kuliko ya kawaida. Lakini ilipauka! Malighafi inayotengeneza ule wekundu ndiyo hiyohiyo iliyochukuliwa kutengeneza harufu. Unga ni mmoja: ukiumalizia kwenye uji, ugali hupati. Kwa hiyo ukisikia mmea umeongezewa ladha, uliza kwanza nini kimepungua.

Chupa yangu ya vanila imeandikwa "asilia" na bei ni ndogo mno. Ni vanila kweli?

Sidhani. Vanilini, inayobeba sehemu kubwa ya harufu ya vanila, ina njia nyingi za kutengenezwa. Iliyo nyingi duniani hutokana na mafuta ya petroli. Zamani ilitengenezwa hata kutokana na mafuta ya karafuu, jambo ambalo wenzetu wa Pemba wana haki ya kulijua. Siku hizi vijidudu huigeuza asidi itokanayo na pumba za mchele kuwa vanilini, na tangu 2009 tunajua kwamba chachu iliyotiwa jeni inaweza kuitengeneza kutokana na sukari. Molekuli ni ileile. Ganda la vanila, hata hivyo, lina viambato vya harufu zaidi ya 200, na vanilini ni kimoja tu. Naona neno "asilia" likisimama peke yake linamnyima mnunuzi haki yake; lebo itaje chanzo.

Nalima vanila Bukoba. Chachu itatumaliza?

Ndugu yangu, kwa bei ya vanilini tupu hutaishinda. Tangu Edmond Albius, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa kisiwani Réunion, alipogundua mwaka 1841 namna ya kuchavusha vanila kwa mkono, kila ua linataka kidole cha mtu, na linachanua siku moja tu. Ganda nalo hukaa miezi tisa hivi likikomaa. Jasho hilo mashine haitakulipa. Atakulipa anayetaka ladha nzima. Ndiyo maana nakusihi usichume mabichi kwa kuogopa wezi au dalali. Harufu hujijenga miezi ya mwisho na wakati wa kukausha, na ganda lililochumwa changa halina cha kuizidi chachu.

Mnanaa wangu wa kwenye kopo unanuka vibaya. Umebadilishwa jeni?

Hapana, dada. Kivuli na kiu humfanya mnanaa wa peremende aongeze ile mentofurani niliyoitaja juu, na maua yake yanayo kwa wingi. Sogeza kopo juani, mwagilia, na ukate majani kabla haujachanua.