Mtambo wa upepo wa wati 1,000: uliza kipenyo cha mapanga

SWALI: Ndugu wahariri, naishi nje kidogo ya mji wa Singida na umeme wa gridi haujanifikia. Fundi ananiuzia mtambo wa upepo wa wati 1,000, mapanga yana kipenyo cha mita 2, anataka kuufunga juu ya paa. Chaji kontrola ya sola, kile kifaa cha kusimamia uchaji wa betri, ninayo. Utatosha friji dogo, taa na televisheni? – Msomaji, Singida

JIBU: Hizo wati 1,000 zimeandikwa kwa upepo wa mita 11 au 12 kwa sekunde, upepo wa kugeuza mwavuli. Kasi ya upepo ikipungua nusu, nguvu yake hubaki moja ya nane. Tena Singida iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari: mita ya ujazo ya hewa ina kilo 1 tu, wakati pwani ni 1.2. Kwa mapanga ya mita 2, upepo wa mita 12 utakupa wati 800 hivi, na wa mita 5.5 wati 80 hivi.

Wastani wa mwaka ukiwa mita 5 kwa sekunde, tarajia yuniti 2 kwa siku. Ukiwa mita 4, yuniti 1, nayo yaweza kuishia kwenye friji. Paneli za wati 500 hutoa yuniti 2 hizohizo bila kuzungusha chochote. Sisi tungeanza na paneli.

Ukishikilia upepo, paa lisahau. Upepo unaogonga nyumba huvurugika, na mtetemo hulegeza misumari na kupasua kuta. Simamisha mlingoti, ncha ya chini ya mapanga ipite kwa mita 9 kila mti na jengo lililo ndani ya mita 100. Waya za kuukaza zishikwe ardhini, mbali na shina la mlingoti kwa umbali usiopungua nusu ya urefu wa mlingoti huo. Penye udongo wa mbuga, zikague mvua zikianza na zikiisha, maana udongo huo huvimba kisha hupasuka, waya zikalegea.

Kontrola ya sola usiitumie kabisa. Betri ikijaa, yenyewe hukata mkondo; paneli haidhuriki, ila mtambo uliokatiwa mzigo, usio na pa kupeleka umeme, huzunguka ovyo, volti zikapanda na kuunguza vifaa. Nunua ya upepo, yenye kipasha joto cha kula umeme wa ziada. Usichomoe betri mapanga yakizunguka.

SWALI: Mbona basi mitambo mikubwa inalipa? – Msomaji, Manyoni

JIBU: Urefu. Penye uwanda wazi, kutoka mita 10 hadi 80 juu ya ardhi kasi ya upepo huongezeka kama theluthi moja, na nguvu hufika mara 2.4. Panga likirefuka mara mbili, eneo linalofagiwa huwa mara nne. Mwenga, wilayani Mufindi, mitambo mitatu tu inafikisha megawati 2.4.