Kwa nini programu yangu haioni jina la mwandishi wa kitabu?

Swali: Mimi ni mkutubi katika maktaba ya shule. Nimejifunza Python, na kwa kutumia maktaba zake mbili, Requests ya kuomba kurasa na Beautiful Soup ya kuzichambua, ninataka kukusanya orodha ya vitabu vya Kiswahili pamoja na waandishi wake kutoka kwenye tovuti ya duka moja la vitabu. Jina la mwandishi ninaliona wazi kwenye kivinjari, lakini programu inakatika kwa ujumbe huu: AttributeError: 'NoneType' object has no attribute 'text'. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu mkutubi, ujumbe huo una maana kwamba find, amri ya utafutaji ya Beautiful Soup, ilitafuta lebo (tag) ya ukurasa uliyoitaja, haikuiona, ikakurudishia None, yaani hakuna kitu, nawe kwenye mstari huohuo ukaomba maandishi ya kitu ambacho hakipo. Kabla ya kuugusa msimbo, basi, hakikisha kama jina hilo limo kweli katika kile ambacho seva ilikutumia. Hifadhi response.text yote, yaani maandishi ya jibu la seva, kwenye faili, ulifungue, kisha utafute jina la mwandishi kwa herufi zake. Usilitegemee dirisha la ukaguzi la kivinjari, kwa sababu linaonyesha ukurasa baada ya JavaScript, programu zinazoendeshwa ndani ya kivinjari, kumaliza kazi yake, ilhali Requests haiendeshi JavaScript hata kidogo: inapokea HTML, yaani msimbo wa ukurasa, jinsi ilivyotoka kwenye seva. Nimewaona wanafunzi wakipoteza siku nzima kubadilisha majina ya lebo ambayo hayakuwa na kosa lolote. Tazama pia response.status_code, namba inayoeleza hali ya jibu: ikiwa ni 403, umekataliwa kuingia, ikiwa ni 429, umeomba mara nyingi mno kwa muda mfupi.

Jina likiwamo kwenye faili, ama umeikosea lebo, ama kwenye orodha umekutana na kitabu kingine kisichotajiwa mwandishi, kwa mfano mkusanyiko wa mashairi wenye mhariri peke yake. Kagua kwanza kama matokeo ya find ni None, ndipo uombe maandishi. Usipoliona mahali ulipolitarajia, tafuta katika faili hilohilo maneno application/ld+json. Tovuti nyingi za vitabu huweka hapo maelezo kwa ajili ya injini za utafutaji, kwa mpangilio wa pamoja uitwao schema.org, ambamo kitabu huwa na name (jina), author (mwandishi) na isbn (kitambulisho cha kitabu). Ukikisoma kipande hicho kwa json.loads, unapata data iliyokwisha kupangwa, wala huyategemei tena mapambo ya ukurasa ambayo mwenye duka anaweza kuyabadilisha kesho.

Hata hivyo, kwa kazi kama yako mimi nisingeanzia dukani. Open Library, mradi wa Internet Archive, hutoa data zake kwa JSON, mpangilio wa maandishi ambao programu huusoma kwa urahisi, bila kudai ufunguo wowote wa kuingilia. Fungua openlibrary.org/search.json?author=shaaban+robert, nawe utaona kwamba kila kazi huja na title, author_name na author_key, yaani ufunguo wa kumtambulisha mwandishi. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayokusihi uitunze kuliko zote. Shaaban Robert anaweza kuandikwa hivyo, au Robert, Shaaban, au Shaaban bin Robert. Sisi tunamjua mtu mmoja, lakini jedwali lako litahesabu waandishi watatu na kuwagawia vitabu vyake. Kwa hiyo unganisha kitabu na mwandishi kwa ufunguo, si kwa jina, na jina ulibakishe kwa ajili ya kusomwa tu. Wakati mwingine hata huko mtu mmoja hupewa funguo mbili kwa makosa, na hapo hakuna programu inayoweza kushika nafasi ya mkutubi anayewajua waandishi wake.

Tovuti yoyote utakayoitembelea, soma kwanza robots.txt yake, faili linalosema programu zinaruhusiwa kufika wapi, weka time.sleep, yaani pumziko, ya sekunde moja au zaidi kati ya ombi na ombi, na ujitambulishe kwenye User-Agent, sehemu ya ombi inayosema nani anaomba, kwa jina la mradi na anwani ya barua pepe. Ukihitaji data nyingi, Open Library ina faili kamili za kupakua, ambazo hazilemei seva yao kama maombi elfu yanayotumwa moja baada ya jingine.

Jambo la mwisho ni ISBN: ihifadhi kama maandishi, kamwe isiwe namba. Kabla ya 2007 ISBN ilikuwa ya tarakimu 10, ambayo huweza kuanza na 0 au kuishia na herufi X, na vyote viwili hupotea au kuleta hitilafu ukivigeuza kuwa namba. Hata ya tarakimu 13, kama zile za Tanzania zinazoanza na 9789976 au 9789987, ukiifungua katika Excel bila tahadhari itaonekana kama 9.78998E+12, na ukihifadhi faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) ikiwa katika hali hiyo, tarakimu zilizofichwa hutazipata tena.