Maswali na majibu: Tanga na serikali ya Gavana Twining

UTP (United Tanganyika Party) ilikuwa na Waafrika kweli, au ni chama cha mabwana wa mkonge tu? (Korogwe)

Walikuwamo, ila wachache. UTP iliundwa Februari 1956 kwa baraka za Twining, Gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, ili kuipunguza nguvu TANU. Ilitetea siasa ya mseto: Waafrika, Waasia na Wazungu wawe na viti sawasawa katika Baraza la Kutunga Sheria. Waafrika walikuwa zaidi ya asilimia 95 ya wananchi. Hesabu hiyo peke yake ilitosha kukiua chama.

Kura tatu zilipigwaje? (Ngamiani)

Jimbo la Tanga lilipiga kura Septemba 1958, katika awamu ya kwanza ya uchaguzi wa Baraza hilo. Mpiga kura alichagua watu watatu kwa mpigo: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Akimchagua Mwafrika peke yake, kura yote iliharibika. Kujiandikisha nako kulikuwa na masharti: umri wa miaka 21, pamoja na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kama cha uchifu. Pauni 150 ni shilingi 3,000, yaani 250 kwa mwezi. Mkata mkonge wa kipande angezipata wapi? Mtego ulikuwa hapo: TANU ikisusa, viti vinakwenda kwa UTP bila jasho. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, ukaamua kushiriki, na Zuberi Mtemvu akajitoa kwa hasira, akaanzisha chama chake. TANU ikawaunga mkono Waasia na Wazungu iliowaamini. UTP haikuambulia kitu.

Kwa nini machifu wa Usambara waliisaidia serikali? (Lushoto)

Mshahara wao ulitoka serikalini, na amri za serikali zilipitia kwao. Amri iliyowaponza ni ya kuchimba matuta, katika mpango wa Mlalo, huko Usambara, wa kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kwenye mteremko mkali kazi yake ni nzito, na mzigo uliwaangukia zaidi wanawake, tena bila mavuno ya kuonekana haraka. Asiyechimba alishitakiwa baraza la chifu. Bwana shamba Mzungu alionekana mara moja moja. Chifu alikuwapo kila siku, basi lawama zikamwangukia yeye.

Nina picha ya babu, karani, akimlaki Gavana. Hakuwahi kuwa na kadi ya TANU. Alikuwa upande wa wakoloni? (Chumbageni)

Picha haithibitishi hilo. Tangu 1953 watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na vyama vya siasa, na wengi waliogopa kupoteza kazi. Kwanza angalia mwaka wa picha na kazi aliyokuwa nayo mwaka huo. Kisha uliza kama nyumbani kulikuwa na kadi ya TANU ya bibi. Wanawake wengi hawakuwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali, na huenda familia ilijipanga hivyo: mume alinde kazi, mke achukue kadi.