Usizitupe negativu, nakuomba

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza ununue skana gani, dpi ngapi (nukta kwa kila inchi), na vumbi linafutwaje, lakini kilichonishtua ni mstari wako wa mwisho: ukishaskani unatupa negativu, ile mikanda ya filamu yenyewe, upate nafasi kabatini, na mfuko wa kwanza tayari uko mlangoni. Usithubutu!

Mimi nilizitupa. Mikanda 31 ya marehemu baba, karibu yote ya miaka ya 1980. Aliyenidanganya ni fundi wa picha niliyemwamini kabisa. "Ukishakuwa na faili, plastiki ya nini tena?" Nikaskani zote kwa JPEG, lile faili la picha lililobanwa, huku marekebisho ya otomatiki yamewashwa, maana kwenye kioo zilipendeza. Negativu zikaenda jalalani.

Miaka miwili baadaye nikataka kuchapa picha ya mama siku ya harusi, ya kutundika ukutani. Gauni lilitoka jeupe pee, halina mkunjo wala lesi. Lesi ilikuwemo kwenye negativu, kwa sababu picha ya zamani ya karatasi inaionyesha. Skana ndiyo iliyoikata. Negativu ya rangi hutunza mengi sana kwenye sehemu zilizopigwa na mwanga mkali, lakini ukiiachia programu iamue nyeupe ianzie wapi, kila kilichozidi hapo kinapotea. Halafu JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, wakati TIFF ya biti 16, aina nyingine ya faili la picha, inabeba 65,536. Kuondoa ile rangi ya chungwa iliyo kwenye mkanda kunahitaji kuvuta rangi kwa nguvu, bluu hasa, na kwa ngazi 256 anga linakatika mistari mistari. Nilihangaika na picha ile moja usiku tatu. Hakikurudi kitu, na cha kuskani upya sikuwa nacho.

Nilimrudia yule fundi. Akasema wateja wake hawajawahi kulalamika. Watalalamikaje na hawajachapa? Mpaka leo nina kinyongo naye.

Kwa hiyo skani kwa TIFF ya biti 16, zima otomatiki zote, picha itoke imefifia, isikupe wasiwasi. Faili hilo usiliguse, hariri nakala. Negativu zirudi kwenye mifuko yake, pakavu na penye ubaridi.

Vumbi lipulize kwa pampu ya mpira kabla ya kuskani. Ile njia ya skana kutafuta vumbi kwa infraredi, yaani mionzi isiyoonekana kwa macho, usiitumie kwa mikanda ya kawaida ya nyeusi na nyeupe: chembe za fedha huziba mionzi hiyo, programu ikadhani ni uchafu, ikaila picha yenyewe.

Sasa nenda kaurudishe ule mfuko ndani. Chagua picha moja yenye anga au nguo nyeupe, iskani upya hivyo nilivyosema, kisha weka hapa zote mbili, ya mwanzo na hiyo mpya, tuzitazame pamoja.