Barua kwa mwanangu anayesomea elektroniki na mawasiliano

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia, na ile orodha ya masomo ya miaka minne nimeipitia mstari kwa mstari. Umeniuliza mambo matatu: yapi kati ya hayo ndiyo msingi wenyewe wa fani yenu, kwa nini miaka miwili ya mwanzo imejaa hesabu ilhali wewe ulikwenda kusomea vifaa, na kama kuna ubaya ukilisogeza somo la usumakuumeme hadi mwaka wa mwisho, maana wenzako wanasema ndilo linaloangusha watu.

La kwanza halina mzunguko. Msingi ni nadharia ya saketi, vifaa vya elektroniki pamoja na saketi za analojia, elektroniki ya dijitali na mikroprosesa, ishara na mifumo, usumakuumeme, na mawasiliano yenyewe. Chini ya yote hayo kuna hesabu. Mifumo ya udhibiti, uchakataji wa ishara kidijitali, usanifu wa chipu, antena, nyuzi za mwanga, hayo yote yanajengwa juu ya hayo sita.

Lakini orodha hata mwongozo wa kozi unayo. Mimi nimekaa kwenye kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba mwanafunzi hapotei kwa kukosa orodha, anapotea kwa kudhani kila somo limefungiwa chumba chake. Kwa hiyo jaribu hivi: ukianza somo lolote, uliza limefumbia macho nini. Kila somo la uhandisi huachia kitu kando ili hesabu zifanyike, na mara nyingi kilichoachwa kando ndicho somo linalofuata.

Chukua saketi. Sheria za Kirchhoff ni za mwaka 1845: mkondo unaoingia kwenye kiungo ni sawa na unaotoka, na volti ukizijumlisha kuzunguka kitanzi unapata sifuri. Kwa sheria hizo na ile ya Ohm utakokotoa karibu kila kitu cha mwaka wa kwanza. Zimefumbia macho nini? Zinachukulia kwamba badiliko la upande huu wa waya linafika upande wa pili papo hapo. Kwa umeme wa hertzi 50 hakuna tatizo, kwa sababu urefu wa wimbi lake ni kilomita 6,000 na waya wako ni wa mita moja. Panda sasa hadi gigahertzi 1. Wimbi hewani lina sentimita 30, na kwenye bodi ya saketi linafupika hadi karibu nusu ya hapo. Njia ya shaba ya sentimita 7 inaweza kuwa na volti chanya kichwani na hasi mkiani kwa wakati uleule. Nishati inafika mwisho, inakuta ukinzani usiolingana na njia, sehemu yake inarudi ilikotoka. Kirchhoff hakukosea, ila wewe umetoka nje ya mipaka yake, na huko nje mwenyeji ni Maxwell, mwenye milinganyo ya usumakuumeme.

Vifaa navyo vina hadithi yao. Rezista, kile kipande kinachokinza mkondo, ni mnyenyekevu: volti ikiongezeka maradufu, mkondo nao maradufu. Dayodi haiko hivyo. Kwa joto la kawaida, kila ukiiongezea milivolti 60 hivi mkondo wake unazidishwa mara kumi. Transista, iliyoonekana ikifanya kazi kwa mara ya kwanza Bell Labs mnamo Desemba 1947 mikononi mwa Bardeen na Brattain, ni ya tabia hiyohiyo ya kupinda. Ujanja utakaofundishwa ni kuiweka transista mahali fulani kwenye mchirizo wake, yaani mstari wa grafu unaoonyesha mkondo kwa kila volti, kwa umeme wa moja kwa moja, kisha kuitikisa kidogo tu, kiasi kwamba kipande kile kifupi cha mchirizo kinaonekana kama mstari mnyoofu. Wengi hukariri fomula za amplifaya bila kuona kwamba zote ni huo ujanja mmoja. Na pale ujanja huo usipotosheleza, unaingia mrejesho hasi, yaani kurudisha sehemu ya kinachotoka ili ipinge kinachoingia, wazo la mhandisi Harold Black la mwaka 1927: unatoa kafara sehemu kubwa ya ukuzaji ili upate usahihi. Ukiuelewa hapo, somo la mifumo ya udhibiti halitakuwa geni hata kidogo, kwa sababu suala lake kuu ni lini mrejesho huo unatulia na lini unageuka kuwa mlio.

Dijitali sitaikalia sana, najua inakupendeza na utaisoma bila kusukumwa. Jua tu kwamba sifuri na moja ni volti zilizovalishwa majina. Shannon alionyesha mwaka 1937, kwenye tasnifu yake ya uzamili pale MIT, kwamba aljebra ya Boole, ile hesabu ya kweli na si kweli, inaeleza saketi za swichi, na tangu hapo tunaishi kwa raha ya kusahau umeme. Siku ishara itakapofika kwenye flip-flopu, saketi inayohifadhi biti moja, sawia na saa inapogonga, nayo ikaning'inia katikati, si sifuri wala moja, utaukumbuka umeme kwa lazima.

Sasa hesabu, na hapa naomba uvumilivu kwa sababu ndipo swali lako lilipo hasa.

Somo la ishara na mifumo ndilo bawaba la shahada nzima. Likikupita, mawasiliano, udhibiti na uchakataji vyote vinakuwa kukariri. Wazo lake ni hili: ukipitisha wimbi la sine kwenye mfumo wowote wa mstari usiobadilika na wakati, linatoka wimbi la sine la masafa yaleyale, yaani mitetemo ileile kwa sekunde. Kinachobadilika ni ukubwa wake na mchelewo wake tu. Ishara nyingine hazina heshima hiyo. Ukiingiza mraba kwenye kapasita na rezista hutoki na mraba. Basi Fourier, aliyechapisha kazi yake kuhusu joto mwaka 1822, akatupa njia ya kuivunja ishara yoyote tunayoikuta kazini kuwa mkusanyiko wa mawimbi hayo. Vunja, pitisha kila moja, jumlisha tena. Namba changamano zimeingia hapo kwa sababu zinabeba ukubwa na mchelewo kwa pamoja, na mlinganyo tofautishi uliokuwa unakusumbua unageuka kuwa aljebra ya kawaida. Kwa hiyo hesabu za mwaka wa kwanza hazikuwekwa kuchuja watu. Ndizo lugha ambayo mwaka wa tatu utaongewa nayo bila kusimamishiwa.

Halafu utauliza: je, kompyuta, isiyojua mfululizo, inaishikaje ishara? Kwa sampuli. Nyquist na Shannon walitupa kipimo: chukua sampuli kwa kasi inayozidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa yaliyomo. Sauti ya simu inakatwa chini ya hertzi 4,000, inachukuliwa sampuli 8,000 kwa sekunde, kila moja biti 8, ndiyo ile kilobiti 64 kwa sekunde iliyojenga mitandao ya simu ya kidijitali. Fanya jaribio maabara: ingiza mlio wa hertzi 5,000 kwenye mfumo huo bila kichujio mbele. Utasikia hertzi 3,000, mlio ambao hakuna aliyeupiga. Hakuna programu itakayokuambia baadaye kwamba ni wa uongo. Wenzako wanaodai kuwa siku hizi kuandika programu kunatosha, waulize kuhusu huo mlio. Programu jifunze, tena kwa bidii, ila kichujio kile kinakaa kabla programu haijaona chochote.

Linabaki somo la uwezekano, ambalo naona umelipigia mstari wa hasira kwenye orodha. Masomo yote niliyotaja yamefumbia macho kelele. Rezista ikiwa mezani, haijaunganishwa na kitu, tayari ina volti ndogo inayorukaruka kwa sababu ya joto. Johnson aliipima na Nyquist akaieleza, mwaka 1928. Huwezi kuiondoa kabisa; ukiipoza rezista inapungua tu. Ishara kutoka mbali inapofika kwenye antena, inashindana na hiyo. Somo la mawasiliano ni namna ya kushinda shindano hilo, na huwezi kulisoma bila kujua wastani, mtawanyiko na mchirizo wa Gauss. Shannon mwaka 1948 akaweka ukomo: uwezo wa njia ni upana wa masafa mara logi, kwa kizio cha 2, ya moja kujumlisha uwiano wa nguvu ya ishara kwa kelele. Weka laini ya simu ya hertzi 3,100 na uwiano wa 1,000, unapata kama biti 31,000 kwa sekunde. Modemu za zamani zilizotuma kwa sauti kupitia laini hizo ziligota kwenye kilobiti 33.6 kwa sekunde, tena kwenye laini bora kidogo kuliko ya mfano huu, na sasa unaona kwa nini wahandisi wake hawakuweza kupanda zaidi kwa ubunifu tu wa saketi.

Kuhusu usumakuumeme: usiusogeze. Ni mgumu, wenzako hawakudanganyi, lakini somo la njia za kupitishia mawimbi, antena, mikrowevu na nyuzi za mwanga yote yanausubiri, na ukiuweka mwaka wa mwisho utakuwa unausoma pamoja na vitu vinavyoutegemea. Kinachoangusha watu mara nyingi ni kuingia na kalkulasi ya vekta iliyosahauliwa. Rudia gradienti, divajensi na kerli kabla muhula haujaanza, uchore kila moja kwa mkono kwenye karatasi hadi uweze kunieleza kwa simu bila fomula. Ikiwa mzigo wa muhula umezidi, sogeza usanifu wa chipu, kwa sababu kwenye orodha uliyonitumia hakuna somo la lazima linaloutegemea. Na ukipata nafasi ya kutumia kifaa cha kupima njia za mawimbi maabara, unganisha kebo iliyoachwa wazi mwishoni, tuma mpigo mfupi, uangalie ukirudi kwenye osiloskopu. Pima muda uliotumia, ukokotoe urefu wa kebo, kisha uniandikie umepata mita ngapi.

Mama yako